Konzi ya Mbegu kwa Jirani

Asubuhi ile nilitoka Lidcombe, kitongoji cha Sydney, bila kujua naenda wapi. Si jambo geni kwangu. Nimehama vyumba vingi kuliko viatu nilivyomaliza, na kila mara huwa natupa begi begani, napanda treni ya kwanza itakayokuja, mengine naamua njiani. Lakini safari hii nilitoka nikiwa nimepigwa na bumbuwazi, na mkononi nilishika kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake hamkuwa na kitu ila vumbi.

Ngoja nikueleze taratibu. Mwenye nyumba alikuwa ameitaka nyumba yake, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwenzangu wa nyumbani, nesi Mkenya anayehudumia wazee, alikuwa ametoka zamu, bado yuko ndani ya yunifomu, ameegemea mlango akinitazama nikikunja shuka.

"Sasa unaenda wapi?"

"Sijui bado."

"Hujui aje na leo ndiyo leo? Wewe ni mtu wa ajabu, aki. Mimi room nilipata last month." Akanyoosha kidole chini ya kitanda. "Na hiyo kopo unaniachia?"

Nikalivuta. Nilikuwa sijalifungua karibu miaka miwili. Nililitikisa nikitegemea mlio niliouzoea, kama kokoto ndani ya ndoo, nikasikia sauti ya mchanga. Nikafungua kifuniko. Fukusi. Kila punje ilikuwa imetobolewa matundu mawili, matatu, na niliyoiminya kwa vidole ilivunjika kama biskuti. Nesi akainama kuchungulia.

"Yesu! Si utupe tu?"

Yale yalikuwa maharage ya nyanya yangu, na kwa kadiri nilivyojua hayakuwa na ndugu mahali pengine popote duniani. Nilifunga kopo, nikamkumbatia nesi wa watu, nikaenda stesheni. Treni iliyokuja ilikuwa inaelekea Leppington. Nikaingia.

Nyanya yangu tulimwita Koko, kama wanavyowaita nyanya zao watu wengi wa kwetu, mashariki ya Kongo. Tulifika Sydney wawili tu, yeye na mimi, baada ya miaka ya kambini. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tulipewa nyumba ya serikali Macquarie Fields, na nyuma ya ukumbi wa mtaa kulikuwa na bustani ya pamoja iliyogawanywa kwa mbao, kila familia na kipande chake cha kutosha vitanda vitatu, bomba moja la maji kwa wote. Koko alipokabidhiwa kipande hakuuliza ufunguo wa lango uko kwa nani. Aliulizia maharage.

Ya dukani yalikuwa tele. Aliyoyataka yeye ni ya kilimani kwake, yale yanayopanda juu ya mti, punje ya zambarau yenye michirizi myeupe. Tulikwenda duka la vyakula vya Kiafrika kule Auburn, akainama juu ya gunia la maharage mchanganyiko, akaanza kuchambua punje moja moja. Saa nzima ikapita.

"Mama, unanunua au unahesabu?" mwenye duka akauliza.

"Natafuta watu wangu," Koko akamjibu bila kuinua kichwa.

Alipata kumi na moja.

Sasa sikiliza kosa letu. Kwetu Machi ni mwezi wa kupanda: mvua ipo, udongo uko tayari, na anayekaa nyumbani ni mgonjwa au mvivu. Huku mwaka umegeuzwa. Machi ndiyo joto linaaga na majani yanajiandaa kuanguka. Nani alituambia? Tulikipata kipande chetu mwanzoni mwa Machi, na siku tuliyotoka Auburn Koko akafukia punje sita. Kwenye kipande cha jirani kulikuwa na mwanamke wa makamo, Mvietinamu mwenye kofia pana, aking'oa nyanya zake. Aliacha kazi akaja kusimama mbele yetu. Alionyesha zile mbegu, akatikisa kichwa, kisha akajikumbatia, akatetemeka na kugonganisha meno.

Koko akanigeukia. "Huyu mama ana homa?"

Nikasema sijui. Akamtazama tena, juu mpaka chini. "Hapana. Ana wivu."

Maharage yakaota vizuri, yakapanda, yakaanza kutoa maua. Mwezi wa sita baridi ikashuka usiku mmoja, na asubuhi majani yote yalikuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Koko alisimama pale mdomo wazi. Miaka yote ya maisha yake hakuwahi kuona baridi ikiunguza. Zilibaki punje tano. Alivuka ubao unaogawa vipande, akamshika jirani mikono yote miwili, na tangu siku hiyo Machi yetu ikawa Machi ya jirani.

Ungeziona zile Machi! Jumamosi tulianza kwa kung'oa nyanya. Harufu yake ya kijani iliganda kwenye vidole hadi Jumatatu, na nilipenda kuinusa darasani. Zile mbichi zilizosalia Koko alizipika na samaki mkavu, na nyumba nzima ikanuka kambi, lakini kambi ya siku nzuri. Pilipili tulizitunga kwenye uzi. Maboga tuliyapandisha juu ya paa la kibanda cha zana, tumbo likielekea jua ili ganda likaze, na kazi ya kuyageuza kila alasiri ilikuwa yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwepesi. Huko juu niliona reli, treni zikija na kwenda, na nadhani huko ndiko nilikoshikwa na ugonjwa huu wa kutaka kujua kila treni inaishia wapi.

Chini yangu jirani alikuwa akichanganya samadi ya kuku na udongo. Alitufundisha kwa vidole: vitunguu saumu, punje moja moja, ncha juu, haradali na giligilani, mbegu zinamwagwa tu kama chumvi, kunde na maharage sasa basi, hadi joto lirudi. Kasuku wa rangi walipiga kelele kwenye mikalitusi mpaka Koko akawarushia kandambili. Shuleni mwalimu alitaka tumletee majani yaliyopukutika. Mikalitusi haipukutishi majani yake kwa majira, huchubuka magome tu, kwa hiyo nikapeleka shina zima la harage kavu. Darasa likacheka. Mwalimu akalitundika ukutani hata hivyo, na mwezi mzima maganda yalikuwa yakipasuka, pa! katikati ya hesabu.

Maharage ndiyo yalikuwa sikukuu. Tuliyang'oa na mizizi, tukayaning'iniza kichwa chini kwenye kamba ya nguo inayozunguka, ile iliyoko nyuma ya kila nyumba huku. Yalipokauka tukatandika turubai, Koko akayapura kwa fimbo, kisha akapepeta kwa sinia, maana ungo hatukuwa nao. Upepo wa magharibi ulipeleka makapi yote kwenye mashati meupe ya mwanamume wa nyumba ya pili. Akatoka akipiga kelele. Kesho yake Koko akampelekea bakuli la maharage yaliyopikwa kwa vitunguu na mawese, na kelele zikaisha, ingawa kila mwaka alianua mashati yake mapema.

Lakini kabla sufuria ya kwanza haijawekwa jikoni, kulikuwa na jambo moja. Tangu maharage yakiwa mabichi, Koko alichagua mashina bora na kuyafunga ukanda wa kitenge. Maganda yenye kitenge hayaguswi, hata mkiwa na njaa. Hayo yalipurwa peke yake, punje zikachanganywa na majivu, zikaingia kwenye kopo la maziwa. Kisha alichota konzi moja, ujazo wa mkono wake, akanimwagia kwenye kikombe: "Pelekea jirani." Kule kilimani vita vilipochoma nyumba yake, mbegu zake zote ziliungua. Zilizomrudisha shambani zilikuwa zile alizokuwa amempa jirani wa bonde la pili. Tangu hapo hakukubali kulala usiku mmoja na mbegu zote ndani ya nyumba yake. Na ilikuwa lazima zipelekwe na mtoto wa nyumba, kwa mkono wake, ili naye ajue mahali pa kuziulizia mkubwa akiondoka.

Kila Machi nikapeleka. Jirani alipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, nami nikarudi na kikombe kimejaa giligilani.

Kila Machi, isipokuwa moja.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimemwambia Koko kwamba shule basi, nataka kwenda kuona huko treni zinakoishia. Alinyamaza siku mbili, na Koko akinyamaza hata birika liliogopa kuchemka. Siku ya tatu akanipa kikombe: "Pelekea jirani." Nilitoka nikiwaka. Niliona anataka kunifunga kwa vile vikanda vyake vya kitenge, mimi niwe shina lake la mbegu. Nilifika kwenye mfereji wa maji ya mvua kando ya reli, nikamwaga konzi yote. Nilizitazama zikizama kwenye tope moja moja. Nikarudi.

"Umepeleka?"

"Nimepeleka."

Kabla baridi haijaingia nilikuwa nimeondoka. Nimechuma zabibu, nimeosha vyombo vya mahoteli, nimepanga masanduku kwenye maghala, nimelala kwenye miji ambayo majina yake nimeyasahau. Kila mwaka Machi ilipofika nilimpigia Koko simu kutoka popote nilipokuwa. Tuliongea mambo ya maboga na magoti yake, na kila mara, kabla ya kukata, alisema: "Jirani anashukuru zile mbegu." Niliona aibu ikinipanda shingoni. Nikawaza, jirani amenifichia, au Koko amezeeka, anachanganya miaka. Nikasema asante, nikakata.

Alipofariki nilirudi kwa maziko, nikakabidhiwa kopo. Miaka minne nimelibeba. Sikuwahi kupata chumba chenye udongo, na kusema kweli sikutafuta sana. Siku moja majivu yalinimwagikia kwenye nguo, nikakasirika, nikayakung'uta yote, nikazifuta punje kwa taulo zikang'aa. Niliona nimefanya usafi. Unajua sasa majivu yale yalikuwa ya nini.

Hayo yote niliyawaza treni ikipita stesheni baada ya stesheni, sikuinua hata kichwa. Nikiwa Casula ndipo nilipojua ninakokwenda. Nilikuwa nimemnyima jirani mara moja tu. Zile za miaka mingine alikuwa nazo. Kama bado alikuwa akilima kile kipande chake, huenda zilibaki. Nikabadilisha treni Glenfield, nikashuka Macquarie Fields, nikapanda mlima nikikimbia na begi langu kama mwizi.

Bustani haikuwepo.

Sisemi ilikuwa imechakaa au imeota magugu. Haikuwepo. Pale palikuwa na nyumba mpya za ghorofa mbili, rangi ya kijivu zote, zimebanana, na mbele ya kila moja saruji ya kuegesha gari. Ukumbi haukuwepo. Nilitafuta mahali bomba lilipokuwa, nikashindwa. Nilizunguka mara tatu nikidhani nimekosea mtaa. Mwishowe nikaijua reli, nikapima kwa macho kama nilivyoiona zamani nikiwa juu ya kibanda cha zana, na nikaona kwamba pale alipokuwa anasimama Koko mbele ya majani meusi palikuwa na mlango wa gereji.

"Eeh! Ni weye?"

Nikageuka. Alikuwa mama mmoja wa kanisa letu la zamani, mwenzetu wa Kongo, anasukuma kitoroli cha sokoni.

"Mjukuu wa Koko! Ulipoteaka wapi? Ona vile umekonda, Seigneur Yesu!"

"Mama, bustani iko wapi?"

"Jardin? Walishaivunjaka, mama. Walituletea lettre ya kusoma, tukaenda réunion, mukutano yao, wakatupa jus na biscuit, tukasema hapana, wakaandika yote tulisema. Kisha katapila ikakuja."

"Na yule jirani yetu? Mama Mvietinamu wa kofia?"

"Yule alienda kwa mtoto wake, Cabramatta. Anauzishaka mboga pale chini, karibu na bucha, kila Jumamosi. Nilimuona Pasaka, alininunulisha haradali kwa nguvu." Akacheka, kisha akanitazama usoni, akaacha. "Leo si ndiyo Jumamosi? Basi unangoja nini? Enda!"

Nilikuwa nimepita Cabramatta asubuhi ile ile, nimeinamisha kichwa.

Nilimkuta saa sita na nusu. Kofia ilikuwa ile ile, au mtoto wa ile. Amekaa juu ya kigoda cha plastiki, mbele yake mafungu ya haradali na giligilani juu ya gazeti, watu wanampitia na mifuko ya samaki. Amekuwa mdogo sana, mikono imejikunja kama tangawizi. Nilichuchumaa mbele yake. Yeye hakunitazama usoni. Alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kitupu.

"Umechelewa," akasema kwa Kiingereza cha kuvunjika.

Nikakaa chini pale pale watu walipokuwa wakipita.

Mke wa mwanawe alikuja kumchukua kwa gari, mwanamke mcheshi anayejua Kiingereza vizuri kuliko mimi, na ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Nyumba yao iko mitaa mitatu kutoka sokoni. Tulipoingia uani niliona kwanza vitunguu saumu, matuta yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Nikaona maboga yamepangwa juu ya banda la kuku, tumbo juani. Halafu chini ya paa la kuegeshea gari nikaona mashina yananing'inia kichwa chini, mengi, makavu, na mengine yamefungwa ukanda. Vikanda vilikuwa vya kitambaa cha maua, kile cha pajama anazovaa jirani mchana kutwa. Kimoja tu kilikuwa cha kitenge, kimepauka hata rangi haijulikani. Nilipasua ganda moja. Zambarau, michirizi myeupe.

Nililia kwa sauti, sikuficha. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshalia, nikaona niseme na lile jingine. Nikamwomba mke wa mwanawe amwambie kwamba kuna mwaka sikuleta, nilimwaga mferejini, nikamdanganya nyanya yangu.

Jirani alisikiliza, akajibu maneno machache huku akiondoa majani makavu kwenye sweta langu.

"Anasema anajua," mke wa mwanawe akanitafsiria. "Alikungoja siku tatu. Ya nne akaenda kwa nyanya yako, akamfungulia mkono, hivi." Akafungua kiganja chake kitupu. "Nyanya yako akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akarudi na mbegu, akaujaza. Halafu akaweka kidole mdomoni. Kila mwaka baada ya hapo alimletea mwenyewe, hata alipokuwa anatembea na fimbo."

Punje za lile ganda zikanidondoka sakafuni. Alijua. Zile simu zote. Jirani anashukuru zile mbegu. Kila Machi alikuwa ananifungulia mlango, ananisubiri niseme, na mimi nilikuwa nasema asante na kukata. Hakuna mwaka alionilaumu. Hakuna mwaka aliokubali kuacha kuuliza.

Jirani akauliza nalala wapi. Nikasema sijui bado, kama nilivyomwambia nesi asubuhi, ila sasa neno lenyewe lilinichosha. Akazungumza na mke wa mwanawe, huyu akacheka. Kuna chumba cha uani, akaniambia, kina kitanda na mashine ya kufulia ambayo itanisumbua. Mama anasema magoti yake hayawezi tena kupura, na maharage hayatajipura yenyewe. Nikae.

Ndicho chumba ninachokuandikia kutoka ndani yake. Jioni ile ile tulipura yaliyokuwa yamefungwa vikanda. Nilimimina vumbi la kopo kwenye matuta ya vitunguu, nikaliosha, nikalikausha juani, nikachota majivu kutoka jiko la mkaa. Nilipomaliza kuchanganya, jirani akachota konzi moja, akaimwaga kwenye kikombe, akanyoosha kidole upande wa pili wa uzio.

Nilibisha hodi. Mwanamume aliyefungua simjui, wala sikuielewa lugha aliyowaitia watoto wake waje waone. Nilimweleza kwa Kiingereza kwamba hizi ni za kupandwa joto likirudi, zisipandwe sasa. Nikajikumbatia na kutetemeka, meno yakigonga. Akanitazama kama mgonjwa. Halafu akakinga mikono yote miwili, akapokea.

Bustani imekwenda, na bomba, na paa nililosimama kuhesabu treni. Namba ya simu ya Koko bado naijua kwa kichwa; sasa ukipiga hujibiwa na mashine. Nilirudi chumbani na kikombe kitupu, nikakaa kitandani, nikasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kuniuliza:

"Nimepeleka."